Kikombe cha Dada Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Kariakoo hatujambo, mama yako anakusalimu. Unasema huko maabara mmevitia rangi vijidudu vya kifua kikuu, mkavimulika kwenye darubini, ukaviona viking'aa ndani ya seli za mtu, mkavipiga picha. Unauliza sisi tulidhani ni nini.

Laana! Dada yangu Zuhura alipoanza kukohoa, wakubwa walikitenga kikombe chake, wakakitundika msumarini uani. Dirisha wakalifunga, eti asipigwe na upepo, kumbe hewa tuliihitaji sote! Akapona kwa dawa za hospitali, lakini hata siku ya harusi yake kikombe kilikuwa pale pale, wageni wanakitazama. Damu inanichemka hadi leo.

Nitumie hiyo picha, niitundike. Msumari bado upo.

Bibi yako