Kesi ya Randa na Milango Yake

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na kama unazipokea umesimama, tafuta pa kukaa. U hali gani? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Wifi na watoto wanaendeleaje? Mama miguu imegoma kupanda ngazi, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote, na haipiti siku bila yeye kukutaja. Mimi nipo, nasukuma siku.

Kwenye simu nilikuambia mambo ya mdogo wetu Randa yamekwisha. Hayajaisha. Ni mambo yasiyosemeka huku jirani ametega sikio ukutani, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Kwanza ujue kwamba Randa wetu hakuiba. Alirudi kwa wateja wake wa useremala akaanza kung'oa milango aliyowatengenezea kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa hapati usingizi, na alisema nyuma ya kila mlango kuna mtu amefungiwa, anamwita. Wateja wa mwanzo walicheka, wakadhani fundi amekuja kurekebisha bawaba. Mwenye duka la dawa hakucheka. Asubuhi alikuta duka li wazi, mlango umelazwa nje umefunikwa shuka, akaita polisi.

Mahakamani kulikuwa na njia moja tu ya kumwokoa. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa ameshaeleza kwamba anaumwa, na hakimu angeweza kumpeleka kwenye matibabu badala ya jela. Alitaka tu kusikia neno la familia. Akamgeukia Mama, kwa upole kabisa, akamwuliza, "Mama, mwanao anaendeleaje?"

Unamjua mama yako. Huyu ni mtu aliyevunjika mkono na bado akajibu salama. Akasimama, akaweka mtandio sawa, akasema, "Hajambo, mheshimiwa. Mzima kabisa, tunamshukuru Mungu."

Hakimu akaandika. Niliiona kalamu ikienda, Kaka. Mtu mzima kabisa anayeng'oa mlango wa duka la watu ni mwizi, na mahali pa mwizi panajulikana. Nikasimama bila kuitwa, nikasema, "Si mzima. Mama anaona aibu. Ndugu yetu haogi, halali, na mimi ananiita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa." Karani akaniambia nikae. Hakimu akasema niachwe niseme.

Njia nzima Mama hakunitazama. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Umemvua nguo mdogo wako mbele za watu." Nikamjibu, "Afadhali nimvue mimi kuliko askari jela." Tukaingia kulala bila kula, kila mtu na ukuta wake.

Lakini jela hakwenda. Alilazwa wodini mpaka akapata usingizi wa kawaida, kisha wakamrudisha kwetu kwa masharti. Lazima ameze dawa mbele ya ndugu, ahudhurie kliniki bila kukosa, na asiachwe peke yake nyumbani. Sharti likivunjwa, kesi inafufuliwa.

Ndugu mwenyewe ni mimi, maana Mama kwa miguu ile hawezi kumfuata. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kidole hicho ndicho kinachokuandikia. Siendi harusini, siendi msibani. Wateja wangu wananiletea vitambaa dirishani, wanapimwa mabega wakiwa nje, wanaondoka. Rafiki yangu wa tangu shule siku hizi hunisalimu akiwa ng'ambo ya barabara, kwa mkono, kama anafukuza nzi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke kiasi hiki ndani ya nyumba yenye watu watatu. Kuna siku naendesha cherehani bila uzi, ili tu pawe na kelele.

Usidhani namlalamikia yeye. Amerudi, Kaka, tena ananiita jina langu. Dawa zinamtetemesha mikono na zimemnenepesha, akijiona kwenye kioo husema fundi amegeuka gogo. Amepita kwa wateja wote kuomba radhi. Mwenye duka la dawa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asikanyage tena pale. Kisha akamwita arudi, akamwuliza kama hospitali imeshampa kidonge cha kutuliza kutetemeka.

Sasa neno lenyewe. Muuguzi wa kliniki alinitazama juzi akasema, "Dada, ukiendelea hivi nitakulaza wewe." Amemweleza hakimu kwamba kazi hii si ya mtu mmoja, na hakimu anataka kumwona ndugu wa pili tutakaporudi mbele yake mwezi ujao. Asipotokea, ataifikiria upya ile jela. Waliponiuliza ndugu huyo ni nani, nikakutaja wewe. Sikukuomba ruhusa, kwa sababu ningekuuliza ungetuma pesa. Pesa zako zinafika na Mungu akuzidishie, lakini haziwezi kukaa na mtu zikamwona akimeza kidonge.

Kasirika ukipenda, ila kasirika ukiwa njiani.

Msalimie sana Wifi, umwambie naomba anikopeshe mume. Wabusu watoto. Mama anasema uje na sweta, na Randa anakusalimu, ingawa kwa sauti ndogo.

Nilipomwambia kwamba unakuja, alitoka uani akaanza kupanga mbao. Anataka kukutengenezea kitanda. Msumeno unamponyoka, anaanza upya, na Mama amekaa karibu yake anamshikia ubao. Jana aliingia na futi kamba mkononi, akaniuliza, "Dada, hivi Kaka ana urefu gani?"

Mimi niliyepima watu maisha yangu yote, nikimtazama mtu tu namjua mikono na kiuno. Wewe nimekusahau, Kaka. Yeye naye amekusahau. Alisimama pale mlangoni na futi kamba yake, akingoja.

Njoo tukupime.

Mungu akutangulie, akufikishe salama.

Wako akupendaye,
Dada yako, mshona nguo.