Nimekula Tende za Marehemu Kaka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko maana shule niliiacha darasa la nne. Mimi ni Mnubi, naosha vyombo kwenye meli inayowapeleka watalii kuangalia mahekalu na makaburi ya kale kutoka Aswan hadi Abu Simbel, huku Misri, kwa kupita ziwani. Kwa mama, Kom Ombo, narudi mara mbili tu kwa mwaka. Kijiji chetu cha zamani kimelala chini ya ziwa hili tangu bwawa lijengwe, na huko ndiko alikozikwa kaka yangu Awad, aliyefariki ana miezi saba, mimi sijazaliwa. Siku ya kuhamishiwa Kom Ombo, nilikozaliwa mimi, mama alimwachia bakuli la maji juu ya kaburi, kama desturi yetu. Mpaka leo hucheka akisema, "Niliogopa ataona kiu, kumbe maji anayo ya kumtosha mpaka kiyama."

Basi kila nikiondoka hunifungia tende katika kitambaa, ananiambia, "Mkipita juu ya mwanangu mtupie, mwambie mama anakusalimu," nami nikirudi ananiuliza, "Ulimpa?" namwambia nilimpa, ananiuliza maji yalikuwaje, namwambia yalitulia, na huu ni mwaka wa sita nasema hivyo, kumbe sijui hata tunapita juu yake saa ngapi, maana mimi niko chini na masufuria, watalii ndio wako juu wanaangalia, na zile tende, Mungu anisamehe, nimekuwa nikila mwenyewe, kwa sababu mgongo unauma na zina ladha ya uani kwetu.

Mwongoza watalii wetu, Fikri, huwaeleza wageni jinsi mahekalu yalivyokatwa vipande, kila jiwe likapewa namba, yakapandishwa juu maji yasiyafikie. Nilipomsimulia mama alisema, "Mawe yalipewa namba. Sisi tulipewa saa ya kupanda meli."

Sasa nahodha ameruhusu kila mfanyakazi aje na ndugu mmoja safari ya mwisho ya msimu. Mama ameshafunga tende, amenunua bakuli jipya, na majirani wote wameambiwa mimi Shazli nitamwonyesha alipo mwanawe. Fikri ananiambia, "Wewe nyoosha kidole popote, ndugu yangu, maji yote ni maji." Ninyooshe, au nimwambie ukweli nimvunje moyo?

Shazli, jikoni melini

Jibu: Shazli, njaa ya nyumbani naijua, wala sikucheki kwa tende. Lakini uongo wa siku moja ni woga. Wa miaka sita umeufuga mwenyewe. Usithubutu kunyoosha kidole. Siku mama yako akigundua kwamba aliyasalimu maji matupu, atakuwa amemzika Awad mara ya pili, na safari hiyo kwa mkono wako.

Tena nani kakwambia wewe ndiye wa kumwonyesha? Umezaliwa Kom Ombo, utajuaje? Maji yalifunika nyumba, vilele vya milima hayakuvifunika. Mama yako alichota maji mtoni akivitazama asubuhi na jioni tangu utotoni.

Kwa hiyo mwambie ukweli nyumbani, kabla hamjafika bandarini. Akikutukana, pokea. Kisha omba ruhusa utoke jikoni kutwa moja. Vyombo aoshe Fikri, maadamu kwake maji yote ni maji. Mpeleke mama juu, mpe kiti, ukae kimya. Atakaposema, "Hapa," ndipo hapo. Tende atupe yeye mwenyewe.

Akikubakizia moja, uile mbele yake.