Piano ya Mama Isitoke Sebuleni

Mtaa wa Kinu, Nambari 6,
Steyr,
9 Novemba 1986.

Mpendwa mdogo wangu Ferdinand,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako ukungu umepanda kutoka mtoni tangu Jumatatu na hautaki kuondoka. Hujambo wewe na goti lako? Wifi Conceição hajambo, na watoto je? Huko kwenu Porto Alegre nadhani maua yamechanua. Sisi tumekwisha kuwasha jiko la vigae, na keshokutwa tutamla bata bukini wa sikukuu ya Mtakatifu Martin. Mimi ni mzima, ila vidole vya mkono wa kulia hukakamaa asubuhi. Alois naye ni mzima. Mzima kupita kiasi, na hilo nitalifikia.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya piano ya mama. Mama alituachia sisi wawili, na haiwezi kutoka humu ndani mpaka wewe na mimi tukubali. Kuna mtu atakuandikia akuombe iende kwake. Nataka barua yangu itangulie yake.

Mtu huyo anaitwa Bibi Henriette Pfandl. Ni mjane, alihamia hapa baada ya Pasaka kutoka Salzburg, ambako alikuwa akifundisha upigaji wa piano za zamani. Amefungua ukumbi mdogo karibu na daraja. Ana elimu, ana adabu, na ana meno yake yote.

Wewe uliondoka bado ukipenda kandanda kuliko muziki, kwa hiyo vumilia nikueleze. Piano yetu si kama hizi za leo. Nyundo zake zimevikwa ngozi na nyuzi zake ni nyembamba. Sauti yake hujaza chumba, haijazi ukumbi. Nyimbo za wakati wake zilitungwa kwa ajili ya watu wa nyumba moja: anayepiga, anayeimba, na wachache wenye vikombe mkononi. Karatasi ya nota ilikuwa moja tu, kwa hiyo mwimbaji alisimama nyuma ya kiti cha mpigaji, akasoma juu ya bega lake. Ndivyo walivyofanya baba na mama. Ndivyo tulivyofanya mimi na Alois tangu tuoane, kila Siku ya Mtakatifu Cecilia, msimamizi wa wanamuziki, na jioni nyingi zisizo za mtakatifu yeyote. Pumzi ya mume wangu naijua kwa shingo kabla sijaisikia kwa sikio.

Siku hizi pumzi hiyo inapuliza shingo ya Bibi Henriette.

Usicheke. Mara ya kwanza alikuja kuitazama piano tu. Alois, kwa ukarimu wake, akamwambia aijaribu. Akakaa kwenye kiti changu, Alois akasimama nyuma yake, wakaanza ule wimbo wa baridi inayoganda kwenye kioo cha dirisha, ambao mwisho wake sauti hupanda juu kwenye neno “nyumbani” na kubaki hapo. Miaka ya karibuni Alois alikuwa akilimeza neno hilo kwa kuishiwa pumzi. Nami nilikuwa nikimsaidia: tukikaribia hapo, badala ya kuzipiga sauti za mkono wa kushoto kwa pamoja, nazimwaga moja moja, taratibu, ili avute hewa. Si uzembe. Watu wa zamani walifanya hivyo, na vitabu vyao vya kufundishia vinaeleza.

Bibi Henriette hakumwaga kitu. Alisonga mbele kama mtu anayewahi treni. Na Alois, Ferdinand, Alois alisonga naye! Alilifikia neno lile, akalishika mpaka likaisha lenyewe. Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba sinia.

“Umesikia?” akaniuliza, uso umemwiva kama mvulana. “Nimelipata!”

“Nimesikia. Kahawa inapoa.”

Bibi Henriette akageuka kitini. “Bibi Hedwig, mbona sauti hii mmeificha?”

Mimi niliyeilisha sauti hiyo supu maisha yangu yote ya ndoa, eti nimeificha!

Tangu hapo huja kila Alhamisi. Mimi hukaa jikoni na mlango wazi, nikimenya viazi ambavyo hakuna atakayevila. Siku hiyo Alois hunyoa ndevu mara mbili, kisha hupaka mafuta nywele ambazo hana. Alhamisi iliyopita, mgeni alipokwisha kuondoka, tukakaa mezani.

“Una nini wewe?” akauliza. “Umenuna tangu asubuhi.”

“Sina kitu. Kunywa supu.”

“Unamwonea wivu bibi wa watu.”

“Wa watu gani? Mume wake yuko makaburini. Watu anaowatafuta ni wa kwangu.”

“Mama wee! Na huu uzee wote!”

“Uzee wa nani, wako au wake?”

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha, huku akijipangusa mdomo, akanitolea lile jambo lenyewe. Bibi Henriette anataka piano ihamie kwenye ukumbi wake majira yote ya baridi. Huko wataimba wao wawili, mbele ya watu wa kukata tiketi. Alois amekwisha kukubali, na amempa anwani yako.

Ningeweza kukupa sababu za kisomi. Ukumbi ule unapashwa moto kwa mabomba, na hewa kavu hupasua mbao za zamani. Lakini yule bibi analijua hilo kuliko mimi. Amekwisha kununua chombo cha kutia unyevu hewani. Hata kuibeba piano ameshapata watu waliozoea. Hakuna mlango alioniachia. Sababu yangu ni moja: ikiondoka, mimi nitabaki na alama za miguu yake kwenye zulia, na mume anayerudi nyumbani akiwa ameshaimba.

Jana nilimwita Alois sebuleni. Nikamwambia Siku ya Cecilia napiga mimi, aje tufanye mazoezi. Safari hii sikumsubiri.

“Hedwig, unanikimbiza!”

“Si ndivyo unavyopenda siku hizi?”

Mara ya kwanza nilimwacha njiani. Mara ya pili alinigombeza. Mara ya tatu alilifikia lile neno “nyumbani” na kulishika, vizuri kabisa, hata vizuri zaidi ya alipokuwa na yule. Nilikuwa tayari kufurahi, haki ya Mungu nilikuwa tayari. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti changu, akasema, “Unaona? Bibi Henriette alisema kweli.”

Hata hapo, mdogo wangu, tulikuwa watatu chumbani.

Kwa hiyo barua yake ikifika, mjibu kwa upole, umwambie hapana. Usimpe sababu, ukimpa ataitafutia dawa. Na ukiniuliza mimi, sababu ni wivu, sitaipaka rangi. Alois ana miguu miwili, siwezi kumfunga. Piano ina miguu minne, lakini haivuki kizingiti bila neno lako.

Nisalimie sana wifi Conceição, na Heitor na mkewe, na umbusu Luzia mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Shemeji yako Alois anakusalimu. Hajui ninaandika nini. Mungu aishike nyumba yenu kwa mikono miwili, na meza yenu isikose watu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kama zamani,

Hedwig