Taa Niliyoitunza

Jumatatu, 3 Novemba

Leo natimiza miaka arobaini na miwili ugenini. Nilikuja kwa muda — ndivyo nilivyomwambia kila mtu, na wa kwanza kuamini nilikuwa mimi.

Asubuhi dada yangu alipiga simu kutoka nyumbani. Mjukuu wake anaoa, nyumba haitoshi, na chumba changu kipo tu, kimefungwa, kinafagiliwa kila wiki kama kaburi la mtu mwema. Kaka, sikufukuzi, alisema. Unarudi au hurudi? Ukirudi, bwana harusi atapanga kwingine. Nijibu Jumapili. Nikasema nitafikiri.

"Fikiri, fikiri. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Jioni binti yangu kaniletea zawadi: taa ya baiskeli, ya kuchaji. Ndogo kama kidole gumba, lakini inakumulika usoni kama afisa wa uhamiaji! Siku hizi nikitoka maktaba, ninakojitolea kushona vitabu vilivyochanika, giza limeshaingia. "Ukigongwa, baba, shangazi nitamwambia nini?" Yaani hata kifo changu kina wa kukitolea maelezo.

Jumanne, 4 Novemba

Mkwe wangu kaja kunifunza matunzo. Anauza bima, kwa hiyo anajua kila kitu. Kimoyomoyo namwita Asilimia.

Usiiache ishuke chini ya ishirini, baba. Usiichaji kwenye baridi kali wala juani. Ikinyeshewa, ikauke kwanza ndipo uchomeke waya. Mwanga mkali ni wa barabara isiyo na taa tu. Mjini weka mdogo, au wa kupepesa. Na usizoee kuijaza pomoni — themanini inatosha. Ukipita themanini unaichosha.

Nikamwambia mimi nina sabini na tisa.

Hakucheka. Alikuwa anatafuta video.

Alhamisi, 6 Novemba

Nakiri, ugonjwa umeniingia. Jana nilitumia mwanga mdogo. Leo nikapepesa. Halafu nikajiuliza: kwenye mtaa wenye taa za serikali, kwa nini nichome yangu? Nikazima. Nikawasha kwenye kona, nikazima tena. Nimefika nyumbani chaji imejaa vilevile! Kwa fahari niliyokuwa nayo ungedhani nimekomboa nchi.

Dada katuma ujumbe: fundi rangi anauliza, apake chumba rangi ya mzee au ya maharusi? Sijajibu.

Ijumaa, 7 Novemba

Aibu. Askari wa barabarani kanisimamisha karibu na soko, binti mdogo, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee. Taa huna?"

"Marahaba. Ninayo."

Nikaitoa mfukoni mwa koti, nimeiviringisha kwenye leso.

"Mbona haiwaki?"

"Naitunza, mwanangu."

"Unaitunzia nini?"

Nimesoma vitabu vya lugha nne. Bado nikasema betri hudumu zaidi isipotumika. Akamwita mwenzake upande wa pili wa barabara: njoo usikie huyu babu! Ikabidi nirudie. Wakashikana mabega kwa kicheko.

"Hata wewe, babu, ungebaki kitandani ungedumu zaidi. Washa!"

Nimewasha. Mwanga mkali. Nimeona barabara yangu kwa mara ya kwanza — ina shimo la kumeza mbuzi. Nimekuwa nikilikwepa kwa bahati.

Jumamosi, 8 Novemba

Chakula kwa binti yangu. Asilimia kaniuliza, kwa sauti ya chini, kama naenda kweli. Maana nikienda, taa isikae imejaa, wala isikae tupu. Nusu, baba, kisha kila baada ya miezi michache uiongeze kidogo.

Na nikiiacha tu? Isiguswe kabisa?

"Inakufa. Betri huzeeka hata kabatini."

Binti yangu akampiga teke chini ya meza. Nililisikia. Akiba haiozi, tulifundishwa — waliosema hawakuwa na betri.

Jumapili, 9 Novemba

Dada kapiga. Nikamwomba kwanza anieleze chumba kilivyo. Akasitasita. Dirisha halifunguki siku hizi, alisema. Kitanda kililiwa na mchwa, walikitoa zamani. Kabati pia. Hawakutaka kuniumiza.

"Sasa kila wiki mnafagia nini?"

"Sakafu, kaka. Na heshima yako."

Tulicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza tena: je, unarudi? Nikamwambia subiri kidogo, nafuata miwani. Miwani ya kuzungumzia! Ninayo puani. Simu iko mezani kando ya daftari hili, laini iko wazi, namsikia akimwambia mtu ateremshe ndoo ya rangi, babu yenu anatafuta miwani, mnamjua.

"Kaka? Upo?"

Nipo. Nimeliandika jibu kwanza hapa, nione kama mkono utakataa. Haukukataa. Sitarudi.