Riwaya Nyepesi kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kafika na begi, mto na amri ya daktari: alale kifudifudi wiki mbili. Kapasuliwa jicho la kulia. La kushoto lilishazima zamani, kwa hiyo hili ndilo jicho. Hakuna la akiba. Mke wangu ni nesi, yuko zamu za mchana. Mimi ni fundi friji, karakana yangu iko ua wa nyuma. Nani atashinda naye? Fundi friji!
Nimemwamkia. "Marahaba, bwana harusi," kaiambia sakafu. Miaka kumi na moja ya ndoa na bado ni bwana harusi, kama mtu ambaye hajathibitishwa kazini.

Jumanne, 4 Machi
Redio hataki. Watangazaji wanajichekesha wenyewe, kasema. Anataka kusomewa riwaya. Nikadhani za maadili. Wapi! Za majoka, wachawi, farasi wenye mabawa. Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini, akiwanyang'anya wanafunzi vitabu hivyo, kisha anafunga mlango wa ofisi na kuvisoma vyote. Kakiri bila haya.
Masharti mawili. Damu isiwe nyingi, na mambo ya chumbani wabaki nayo chumbani. Baba mkwe tulimzika mwaka jana. Vifo vimemtosha. Hakusema hivyo, nasema mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Duka la vitabu. Nikamwambia muuzaji: nataka riwaya ya majoka, nyepesi. Akakichukua kimoja, akakipima mkononi. Kweli alikipima! "Hiki chepesi, kurasa mia mbili tu." Ukurasa wa kwanza, kijiji kimechomwa. Wa pili, mbwa kachomwa. Kingine, kasema, ni cha kuchekesha. Nikakifungua. Anayecheka ni mnyongaji.
Nikauliza kama hakuna ambacho watu wanabaki na vichwa vyao. Kanitazama kama nimeomba kitabu cha kupaka rangi. Eti wasomaji makini siku hizi wanataka uhalisia. Uhalisia! Kwenye kitabu cha joka!
Nimechukua chenye farasi mweupe kwenye jalada. Farasi hana hatia.

Jumamosi, 8 Machi
Farasi ana hatia.
Sura ya nne. Nasoma vizuri, nimeshaanza kujiona mtangazaji. "Malkia akamsogelea mlinzi, akafungua vifungo..." Macho yangu yakatangulia mistari miwili. Mungu wangu! Na aliyemzaa mke wangu amelala hatua moja kutoka hapa!
"...vya dirisha," nikamalizia.
"Dirisha lina vifungo?"
"La turubai, mama. Wako hemani."
"Sasa hivi walikuwa mnarani."
"Wamehama."
Nikaruka kurasa tano. Nikatua katikati ya vita, utumbo nje. Nikaruka tena. Jasho!

Jumatatu, 10 Machi
Maktaba. Mkutubi kanisikiliza hadi mwisho, kwa huruma, kisha kanionyesha kabati la watoto. Nikakaa kwenye kiti kinachonifika kwenye ugoko, nikachagua sungura mchawi aliyepoteza kofia. Nikamsomea mama kurasa tatu.
"Nimepasuliwa jicho," kasema, "si akili."
Haya. Nimerudi kwa farasi, na sasa natunga mwenyewe. Mfalme aliyekatwa kichwa nimempa mafua. Jeshi lililoangamia limekwenda likizo. Mlinzi na malkia wanacheza bao, na wanacheza sana! Mama kacheka mpaka mto ukatikisika. Anachekea puani, kama kompresa ya friji inayoanza kushika. Sijawahi kumchekesha mtu huyu. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jumatano, 12 Machi
Kliniki. Mama alipokuwa kwenye kiti, mimi nimemshika mkono, mke wangu alitoka na daktari hadi koridoni, kisha akanipa habari pembeni. Jicho halikushika, bado halioni. Watampasua tena mara moja tu, lakini tusitegemee kitu.
"Usimwambie," mke wangu kaninong'oneza. "Nitatafuta wakati." Mama tumemwambia daktari kafurahi. Njia nzima tukaongea habari za mvua.

Alhamisi, 13 Machi
Mke wangu hana zamu leo. Alikuwa anakunja shuka mlangoni, mimi nasoma. Mama kainua mkono.
"Ishia hapo. Mfalme ana mafua tangu sura ya sita. Kafa?"
"Mama, ni mafua tu..."
"Kafa, hajafa?"
"Amekatwa kichwa, mama."
"Nilijua. Nasikia karatasi zinavyogeuka tano tano. Nilikuacha kwa sababu hadithi zako ni nzuri kuliko za mwandishi." Kapumua kidogo. "Na jana? Daktari kasema nini?"
Mke wangu, shuka kifuani, kanitikisia kichwa: usithubutu. Mama hawezi kumwona. Mimi namwona. Nikasema mboga inaungua jikoni, nikatoka.
Jiko halijawashwa. Niko karakana, naandika juu ya friji ya mteja, nimejificha — mwanaume mzima! Dirisha liko wazi. Nasikia kila kitu.
Mke wangu, kwa sauti ya wodini: "Mama, daktari amefurahi sana—"
"Sijakuuliza wewe. Wewe ni nesi, umefundishwa. Mwite mumeo. Yeye akidanganya, nasikia."
Shuka linakunjwa. Linakunjuliwa. Linakunjwa.
Sasa ndala zinakuja uani. Mke wangu kasimama mlangoni, macho yamelowa, hasemi niseme wala nisiseme. Kanishikia mlango tu.