Kurasa Alizozishona Baba

Mshauri wetu mpendwa,

Miaka yote nimekuwa nikiisoma safu yako huku nakunywa chai pale kazini, nacheka shida za wenzangu, nasema huyu naye kajitakia, na leo zamu yangu imefika na sina hamu ya kucheka, naomba msaada kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo nitampoteza mmoja, ama kaka yangu ama baba yangu, na baba yangu ni marehemu, kwa hiyo uone mwenyewe mambo yalivyokorogeka.

Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari. Chumba changu kina madirisha mawili, feni inayozunguka ikijisikia, na meza ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa kamusi iliyochakaa. Naazimisha vitabu, navipokea, nagombana na wanaokunja kurasa, na vilivyochoka navipiga gundi na kuvivika jalada jipya. Ni kazi ninayoipenda, sikufichi.

Mwezi uliopita wanafunzi wetu walipigana getini. Si ule ugomvi wetu wa zamani, mnachaniana mashati halafu jioni mnacheza mpira pamoja. Hawa wana makundi, na makundi yana majina, na waliviziana tangu asubuhi. Kijana mmoja akampiga mwenzake nondo usoni na jicho likaenda. Aliyepigwa ni mtoto wa mwanakwaya mwenzangu, mama ambaye kila Jumapili nasimama naye bega kwa bega tukiimba sauti ya pili. Aliyepiga, walipopekua begi lake, wakakuta kitabu cha hadithi chenye muhuri wa maktaba yangu.

Sikitaji jina. Ni hadithi ya vijana wa mtaani wanaounda kundi na kumvamia mwenzao, na kuanzia hapo kitabu kizima kinamfuata yule aliyepiga, anavyoishi na alichokifanya, hadi siku anapokwenda kukaa jikoni kwa mama wa yule aliyeumizwa, hana la kusema, anamenya viazi tu. Nikifika hapo hulia mpaka leo. Kijana wetu alikuwa amekunja ukurasa pale wanapopanga kuvamia. Kurasa za mbele yake hazikuwa na hata alama ya kidole.

Na ni mimi niliyempa. Alikuja mezani akasema, "Mama, hivi vya darasani sivitaki, nipe cha watu kama mimi," nikafurahi, nikainuka mwenyewe nikamchukulia rafuni nikamwambia hiki utakipenda. Sasa kila nikifumba macho naiona mikono yangu inamkabidhi, najiuliza kama nilimpa kitabu au nilimpa nondo.

Kaka yangu ndiye mchungaji wetu, tena ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa shule. Kwenye kikao alisimama akasema hatuwezi kuwafundisha watoto kuua kisha tukashangaa wakiua, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, mikono ilikwenda yenyewe. Ikaamuliwa kitabu hicho na vingine vya namna hiyo vichomwe uwanjani pa kanisa baada ya ibada ya Jumapili hiyo ya mwisho wa mwezi, na kwamba mimi ndiye nitakayekileta mbele kwa mkono wangu ili waumini waone. Tulipotoka kaka akanishika bega akasema, "Mdogo wangu, ukikitoa wewe mwenyewe maneno yatakwisha. Nakuokoa." Alisema kwa upole, na ndicho kinachoniuma, kwa sababu najua ananipenda.

Asichokijua ni kwamba kitabu hicho ni cha baba.

Baba yetu alikuwa fundi cherehani na mzee wa kanisa. Jioni akishafunga kazi haendi popote, anakaa palepale kwenye kiti chake, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, mimi na kaka tunapanda juu ya gunia la mabaki ya vitambaa, pasi ya mkaa inapoa pembeni na chumba kizima kinanukia nguo iliyotoka kunyooshwa. Anasoma kwanza sura moja ya Biblia, halafu sura moja ya hadithi, kwa sauti ileile, bila kubadilisha hata pumzi. Mimi mpaka nilipokwenda shule nilidhani ni kitabu kimoja. Ee mshauri, ningepewa jioni moja tu ya zile, hata ile aliyosinzia katikati ya sentensi na kaka akamalizia kwa kubuni, ningeacha yote niliyo nayo.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Akikuta kurasa anazoona zina ukatili au mambo ya watu wazima, hazichani. Anachukua sindano anazishona pamoja pembeni kwa mishono mikubwa ya kulegea, ile wanayopiga mafundi nguo ikiwa bado inajaribiwa mwilini, anasema, "Hapa mtasoma mkikua," anaruka mbele. Nasi tunatazama sindano kama paka anavyotazama samaki. Baba akienda kumpelekea mteja nguo, kaka anachukua wembe wa kufumulia, anafumua polepole, tunasoma moyo ukidunda, kisha mimi nashona upya kwa kufuata matundu yaleyale. Siku moja uzi mweupe uliisha nikashonea wa bluu. Baba, ambaye alikuwa akimwona mtu ng'ambo ya barabara anakuambia suruali ile kashona fundi gani, hakuugundua uzi wa bluu hata kidogo. Tulicheka chini ya shuka mpaka tukapaliwa.

Jambo jingine ninalolikumbuka, ingawa halihusiani, ni maswali yake ya mezani. Tunakula kimya, mara anauliza, "Hivi mtu akimwumiza mwenzake halafu akajuta, aanzie wapi?" Ghafla tu. Kaka anajibu hivi, mimi najibu vile, tunabishana mpaka chakula kinapoa, naye anasikiliza. Nadhani uchungaji wa kaka ulianzia pale mezani.

Baba alipofariki vitabu vyake nilivipeleka maktaba, kaka alisema nifanye ninavyoona. Hiki kilikuwa kimekwisha kuchakaa, nikakivika jalada jipya, ndiyo maana kaka alikinyanyua mbele ya watu akakitikisa na hakukitambua. Hakukifungua. Angekifungua angeyaona matundu ya sindano pembeni mwa kurasa, na uzi wa bluu uliobaki kwenye moja.

Mwalimu mkuu alinirudishia nikifungie kabatini mpaka siku hiyo. Nimekipeleka nyumbani, kiko ndani ya ndoo ya unga, nimekifunga kwenye mfuko. Kwaya siendi, nasema koo linaniwasha. Yule mama aliniuliza sokoni, kwa sauti ndogo kabisa, "Ni kweli wewe ndiye uliyempa?" nikajibu kwamba sikumbuki vizuri, vitabu ni vingi. Nimesema uongo kwa mtu ambaye mtoto wake hana jicho.

Mimi ni mtu wa imani, mshauri. Sitaki kumwaibisha kaka mbele ya waumini wake, na siamini kwamba Mungu anaogopa kitabu cha fundi cherehani. Lakini vipi kama kaka ana haki? Vipi kama baba naye angekitupa motoni, yeye aliyezishona kurasa zilezile? Nikitoe? Nikifiche? Nihame kanisa? Nisaidie, usiku silali na mchana sifai.

Ni mimi,
Mkutubi wa Ndoo ya Unga

*

Mkutubi,

Kwanza kitoe hicho kitabu kwenye unga. Wewe umeajiriwa kutunza vitabu na sasa unakificha kimoja kama kuku wa wizi. Kifute vizuri, kiweke juu ya meza, tuongee.

Nimekusoma nikamkumbuka mama yangu aliyekuwa akizima redio kila habari za vita zilipoanza, akijisahaulisha kwamba jirani naye ana redio na ukuta ni mwembamba. Nakuelewa. Ila kukuelewa hakunizuii kukugombeza.

Umekosea sokoni. Hapo ndipo penye jambo zito, si kwenye kitabu. Mama yule hakukuuliza ili akushtaki. Mtoto wake ameharibikiwa na anatafuta mtu mmoja tu asimame mbele yake aseme ukweli, wewe ukamjibu kama karani. Nenda kwake kesho. Usiende na kitabu, usiende na maelezo. Sema, "Ndiyo, mimi nilimpa." Kisha nyamaza. Akikufokea, fokewa. Akikupa kazi ya jikoni, fanya. Wewe umekisoma kitabu hicho mpaka mwisho, sina haja ya kukuelekeza zaidi.

Sasa hilo swali lako la kitabu au nondo. Sitakufariji kwa urahisi. Wapo watakaokuambia hadithi haiwezi kumfanya mtu lolote. Hao usiwasikilize, kama hadithi haina nguvu baba yako alikuwa akipoteza jioni zake. Ina nguvu. Kijana yule alikuwa na hasira na kundi na nondo kabla hajafika mezani kwako, na inawezekana kurasa zile zilimchochea, siwezi kukuapia hapana. Kosa lako ninaloliona ni kwamba ulimpa ukafurahi ukarudi kukaa. Hukumwuliza amefika wapi. Kitabu kile kinaanza kumtibu msomaji pale hasa alipokunja ukurasa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia endelea.

Turudi kwa baba, kwa sababu hapa nimecheka peke yangu na kisha sikucheka tena. Dada yangu, una elimu yako na kazi yako ni vitabu, lakini jambo hili umelikalia maisha yako yote bila kuliona. Fundi anayemjua mshonaji wa suruali ya mtu aliye ng'ambo ya barabara, unadhani hakuijua mishono yake mwenyewe? Unadhani mikono ya mtoto ilishona sawasawa na ya mtu aliyelishwa na sindano? Uzi mweupe umegeuka bluu na fundi asione?

Baba yenu alijua. Angetaka kurasa zile zisisomwe angezichana, au angezishona kwa cherehani, mngefumua mpaka leo. Alipiga mishono ya kujaribia, ile ambayo kila fundi anaipiga akijua itafumuliwa. Kisha akawaachia wembe, akatoka. Na yale maswali ya mezani unayosema hayahusiani, hebu yapange tena kichwani. Mmefumua kurasa za mtu aliyeumiza mwenzake, baada ya muda baba anauliza mtu aliyeumiza mwenzake aanzie wapi. Alikuwa akiwasubiri. Alitaka msome kwa hofu kidogo, kisha mje kwake bila kujua kwamba mmekuja.

Kwa hiyo huna haja ya kuhama kanisa, nani kakufundisha kukimbia. Kwaya rudi, koo lako ni zima. Kaka yako naye usimfanye adui. Anabeba kanisa lenye mama anayelia na wazazi wenye hofu, na moto ndio kitu cha haraka kilichomjia. Usibishane naye kwenye kikao, wala usimpe mistari ya Maandiko, hapo atakushinda, ni kazi yake. Nenda nyumbani kwake kabla ya Jumapili hiyo, saa ambazo hana wageni. Mpe kitabu mkononi. Mwambie apitishe kidole gumba pembeni mwa kurasa taratibu, mwache vidole vyake vikumbuke. Akishauona uzi, msomee barua yangu hii, kuanzia pale ninapomtaja baba.

Akibaki na msimamo wake, hilo nalo linawezekana, watu wazima tuna shingo ngumu, basi mwambie kwa heshima kwamba kitabu kina muhuri wa shule, si mali yako wala ya kanisa, na mkutubi hatoi kitu cha shule kikachomwe. Sema hivyohivyo mbele ya mwalimu mkuu. Itakuuma, utapona. Na kwa wadogo wa madarasa ya chini, kiweke rafu ya juu kama baba yako alivyofanya kwa sindano. Si kila kitu ni cha kila umri, hata mimi nakubali.

Limebaki moja, na hili usilikwepe. Yule kijana wa nondo popote alipo, nyumbani au kwenye mikono ya sheria, kuna kiti cha kukaa mbele yake. Ombeni ruhusa muende, wewe na kaka yako, mkutubi na mchungaji. Peleka kitabu kikiwa kimekunjwa palepale alipokikunja. Asome kwa sauti, au msome nyinyi kwa kupokezana, sura ya Biblia na sura ya hadithi kama mlivyozoea. Mkifika jikoni kwa yule mama wa viazi, funga kitabu, mtazame, umwulize swali la baba yenu.

Halafu nyamazeni wote wawili, msubirini ajibu.