Kila Asubuhi Pakavu

Jumatatu, 3 Machi

Nimelizunguka lori langu la mgodini, Namba Kumi na Saba, kwa dakika ishirini kabla ya kupanda ngazi. Nati, breki, taa, vioo, mikanda. Nikisimama kando ya tairi kofia yangu inafika katikati tu, na bado kuna watu wanaolikagua lao wakiwa kantini, kalamu mkononi! Mimi siwezi. Fomu ina mistari thelathini na sita na kila mmoja nauendea kwa miguu.

Mstari wa kumi na moja: mpira wa mafuta ya usukani, mbele kushoto. Pakavu. Nimeweka vema.

Saa nane mchana, kabla ya kumkabidhi shemeji, mume wa dada na dereva wa zamu ya pili, palikuwa pamelowa. Doa la ukubwa wa kiganja. Nimefuta. Ndivyo alivyonifundisha yeye mwenyewe wiki yangu ya kwanza – lori halikabidhiwi chafu. "Ni kama kumpa mtu mtoto ana makamasi." Madereva wote hapa wanafuta. Wanaita heshima.

Nimeongeza mafuta ya usukani tena. Mara ya tatu ndani ya siku kumi. Moyo haujatulia, lakini moyo wangu hautulii hata taulo likianikwa upande.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi pakavu. Mchana kiganja pamoja na vidole vyake. Nimefuta.

Jumatano, 5 Machi

Leo dada kanikamata uani mara tu nilipoingia. Nyinyi wawili mnanimalizia sabuni, mafuta haya hayatoki, nimefua mara mbili! Mimi najibu ndiyo dada, samahani dada, huku macho yangu yako kwenye kamba ya kuanikia.

Vitambaa viwili. Changu cha bluu na fulana kuukuu ya mumewe. Doa lilelile jekundu kwenye vyote viwili. Kwenye lori letu mafuta mekundu ni ya usukani peke yake.

Nilisimama hapo hadi dada akaniuliza kama nimeona nyoka.

Shemeji naye anafuta. Mimi nafuta saa nane mchana, yeye akute pakavu. Yeye anafuta saa nne usiku anapoliegesha, mimi nikute pakavu. Kila mmoja anaandika kwa uaminifu kile anachokikuta, na anachokikuta ni kazi ya kitambaa cha mwenzake. Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo linalonitia baridi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika mapema, nikaomba faili la fomu. Siku ishirini na nne. Fomu arobaini na nane. Mstari wa kumi na moja: pakavu, pakavu, pakavu. Nusu ni saini yangu. Ina mkia mrefu wa mbwembwe, niliufanyia mazoezi nikiwa chuoni.

Saa nane nikamsubiri shemeji chini ya ngazi. Nikamuuliza: ule mpira, ukimaliza zamu, unaukuta umelowa?

"Kidogo tu, Digrii." Ananiita hivyo tangu nitoke chuoni. "Jasho la lori mzee."

Tangu lini?

"Tangu mwezi uliopita. Kwani na wewe?"

Sikucheka. Naye akaacha kucheka. Tulitazamana kama watu wawili waliogundua kwamba mlango ambao kila mmoja alidhani mwenzake kaufunga ulikuwa wazi usiku kucha.

Akasema nisiandike kwanza. Ana barua ya onyo tayari, ya mwendo kasi. Wakijua tulisaini pakavu mahali palipolowa, atakayeondoka ni yeye, sio mpira. Nikamwomba angalau asifute leo, tuone. Akasema sawa. Akapanda.

Mpira ule ukipasuka, mtungi wa akiba unampa dereva mizunguko michache ya usukani, basi; baada ya hapo magurudumu hayageuki. Njia ya kushuka shimoni ina kona sita. Upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa. Nimehesabu kona hizo kitandani kama mtoto anayehesabu kondoo, na kila mara nafika ya nne tu.

Ijumaa, 7 Machi

Pakavu! Amefuta. Aliahidi na amefuta.

Nimeandika hivyo hivyo: mbovu, lisiendeshwe. Msimamizi wa zamu – tunamwita Bwana Tani, maana hata salamu yake ni tani ngapi – akaiweka fomu yangu mezani, akaipanga karibu na ya jana na ya juzi. "Jana pakavu. Juzi pakavu. Saini ya nani hii? Leo umeamka umeona bahari?"

Kila jibu nililokuwa nalo lingemtaja shemeji.

Wakamwita Spana, fundi. Akalala chini ya lori robo saa, akatoka akijifuta paji la uso. Akasema amekaza nati. Bwana Tani akasema safi, kazi iendelee. Spana akanivuta kando: alichokaza ni nati, mpira wenyewe umevimba kama mshipa wa shingo ya mgomvi. Mpya hakuna stoo. Nikamwambia aandike hivyo. Akatazama viatu vyake.

Nimeendesha. Ndiyo, mimi. Niliogopa kufukuzwa kuliko nilivyoogopa mteremko. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniona. Nimeshuka polepole hadi wenzangu wakanitania redioni kwamba nimebeba mayai.

Saa nane sikufuta. Mafuta yalikuwa yamefika kwenye fremu. Shemeji akayaona, nikamwona akiyaona. Akapanda.

Jioni dada hakuniita kula. Alikuja mlangoni na kusema nimesomeshwa nyumba hii hii kwa kazi ya mumewe, sasa nataka kumfukuzisha kwa doa? Nikasema sitaki uwe mjane, dada. Akanizaba kofi. Halafu akakaa kitandani kwangu na kuanza kulia, na mimi sikujua nimshike wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nane na dakika arobaini mchana. Naandika chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake. Nimeambiwa nisitoke hadi barua yangu ya adhabu ichapwe.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu hapa ana kufuli jekundu lenye picha yake. Fundi akiingia chini ya lori analifunga kwenye swichi kuu ili lori lisiwake, na sheria ni moja: kufuli linafunguliwa na mwenyewe. Nilipomaliza zamu nililifunga la kwangu. Funguo mfukoni. Nikashuka.

Bwana Tani alikuja mbio. Fungua! Nikasema sifungui. Lori limezuiwa na nani? Na mimi. Kwa fomu ipi, wakati fomu zako zote ni pakavu? Nikasema: palikuwa pakavu kwa sababu mimi nilikuwa nafuta.

"Na mwenzako wa mchana?"

Shemeji alikuwa hatua mbili nyuma yake. Nililitazama kufuli. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Bwana Tani akaagiza mkasi wa kukatia vyuma.

Wakati wanausubiri nilimsogelea. Nikamwambia, shemeji, sikuombi useme kitu. Ukiwasha, zungusha usukani mara tano ukiwa umesimama. Halafu chungulia mpira ukiwa na presha. Alinirekebishia kamba ya kofia kama anavyomfanyia mwanawe.

Nimesikia kufuli likikatika. Mlio mdogo, nilitegemea mkubwa.

Sasa niko dirishani. Honi moja: anawasha. Honi mbili zitakuwa anaondoka.

Injini inanguruma, kioo kinatetemeka. Magurudumu ya mbele yanageuka kushoto. Kulia. Anafanya! Kushoto. Kulia. Mara ya tatu. Ya nne ni nzito zaidi, au ni macho yangu. Ya tano.

Ametoa kichwa nje ya dirisha. Anatazama chini, upande wa kushoto. Anatazama kwa muda mrefu.

Bwana Tani anapunga mkono: twende, twende.

Shemeji amerudisha kichwa ndani. Simwoni uso, jua limeangukia kioo. Mkono wa Bwana Tani bado uko juu. Honi mbili bado hazijalia.